Rubani katika Mikoko ya Rufiji

Filamu ya kivita inayomhusu rubani aliyeanguka katika ardhi ya adui ina mpangilio unaojulikana na kila mpenzi wa sinema. Ndege inapigwa kombora, rubani anaruka kwa mwavuli, mwenzake anauawa, na yeye anabaki peke yake msituni akiwa na redio ndogo, bastola na ramani. Askari wanamsaka kwa mbwa. Mkuu wake, aliye mbali kwenye manowari, anabishana na wakubwa wanaokataa kutuma watu wa kumwokoa. Mwishowe helikopta inafika, risasi zinarindima, na rubani anapaa nayo. Filamu ya Marekani ya Behind Enemy Lines, iliyotoka mwaka 2001, imejengwa hivyo, na Bat*21 ya mwaka 1988 ilipita njia hiyo hiyo kabla yake. Filamu za aina hii zimeoneshwa kwa miaka mingi katika vibanda vya video vya Tanzania, ambako mfasiri huwasimulia watazamaji kwa Kiswahili kila kinachotokea. Katika kazi hiyo marehemu Lufufu wa Dar es Salaam alijipatia jina kubwa.

Nyuma ya filamu hizo kuna matukio ya kweli. Bat*21 ilitokana na masaibu ya afisa wa anga Iceal Hambleton, aliyeangushwa Vietnam mwaka 1972. Mwaka 1995 rubani Scott O'Grady aliangushwa Bosnia tarehe 2 Juni, akajificha siku sita akila majani na wadudu na kunywa maji ya mvua, hadi alipookolewa tarehe 8. Pwani ya kusini ya Tanzania nayo ina kisa chake cha aina hii, na ni cha zamani kuliko hivyo vyote viwili. Kilitokea Januari 1917 katika delta ya Rufiji, kaskazini kidogo ya Kilwa, wakati Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa ikiyapitia mashamba na vijiji vya pwani hii. Kisa hicho kinaonesha jambo ambalo filamu nyingi huliacha: anayemkimbia adui katika nchi ya mikoko hushindana kwanza na maji, na mwenye kuyajua maji ni mwenyeji.

Habari ya ndege kufika Rufiji inaanza na manowari moja ya Kijerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, iliyokuwa imetia nanga Zanzibar. Baada ya hapo nahodha wake, Max Looff, aliirudisha mafichoni katika mikondo ya Rufiji. Waingereza waliisaka pwani nzima bila kuiona. Fununu ya kwanza ya maana waliipata Lindi. Tarehe 19 Oktoba meli ya vita ya Chatham iliikuta meli ya Kijerumani ya Präsident imejificha ndani ya mto Lukuledi, na karatasi zilizokutwa humo zilionesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yamepelekwa Rufiji. Kabla Oktoba haijaisha, Königsberg ilikuwa imegunduliwa. Kuifikia lilikuwa jambo jingine. Meli kubwa hazikuweza kuingia kwenye mikondo yenye kina kifupi, na kutoka baharini mikoko iliifunika isionekane vizuri. Hapo ndipo ndege ilipohitajika.

Rubani wa kwanza alikuwa raia kutoka Afrika Kusini, Dennis Cutler, aliyekodiwa pamoja na ndege ndogo ya Curtiss yenye uwezo wa kutua majini. Kituo chake kilikuwa kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia. Katika safari ya kwanza, Novemba 1914, alipotea mawinguni akatua penye kisiwa kisicho na watu, ikabidi meli imtafute na kumchukua. Katika safari nyingine aliiona Königsberg kwa macho yake. Mwezi Desemba injini ilizima juu ya delta, ndege ikashuka mtoni, na Cutler akakamatwa na Wajerumani. Wenzake waliingia na mashua kubwa chini ya risasi, wakaikokota ndege na kutoka nayo, lakini mwenyewe alikwisha kuchukuliwa. Kwa Cutler hapakuwa na kujificha wala kukimbia, kwa kuwa aliangukia mikononi mwa askari waliokuwa wakilinda ukingo.

Tukio la pili lilitokea tarehe 11 Julai 1915. Siku hiyo meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ziliingia mtoni na kuipiga Königsberg kutoka umbali ambao wapiga mizinga hawakuiona shabaha yao. Ndege iliyotoka Mafia ndiyo iliyokuwa macho yao. Rubani alikuwa John Cull, na mwangalizi wake, Harwood Arnold, alituma ishara kwa simu ya upepo akieleza kila kombora limeanguka wapi. Ndege yao ilipigwa. Ilipokuwa ikishuka bila injini, Arnold aliendelea kutuma masahihisho ya shabaha mpaka walipokaribia maji. Walianguka mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka, na Cull alinaswa na mkanda kwa muda kabla ya kujinasua. Mashua ya Mersey iliwaokota wote wawili wakiwa hai. Siku hiyo hiyo Wajerumani waliilipua Königsberg wenyewe.

Kifo cha meli hakikuwa mwisho wa mizinga yake. Mizinga kumi ya milimita 105 ilitolewa majini, ikatengenezwa na kukokotwa nchi kavu kwa nguvu za mamia ya watu. Mmoja ulifikishwa kwenye milima ya Matumbi, bara ya Kilwa, ukatumika katika mapigano ya Kibata mwishoni mwa mwaka 1916. Wakati huo Waingereza walikuwa wamekwisha kuitwaa Kilwa na Lindi, zote katika mwezi wa Septemba 1916, na majeshi ya kamanda wa Kijerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, yalikuwa yakishikilia bonde la Rufiji. Mapema Januari 1917 Waingereza walianza mashambulizi mapya kuelekea mto huo. Ndege za majini zilitumwa tena juu ya delta ili kuangalia mahali walipo Wajerumani na njia wanazotumia.

Tarehe 6 Januari 1917 ndege moja kati ya hizo ilipaa ikiwa na watu wawili. Rubani alikuwa Edwin Rowland Moon wa Southampton, ambaye kabla ya vita aliunda ndege yake mwenyewe na kuiita Moonbeam. Mwangalizi alikuwa Kamanda Richard Bridgeman, afisa wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza. Juu ya delta injini ilileta matata, na Moon akalazimika kuishusha ndege katika mkondo mmojawapo. Marubani wa Kiingereza wa wakati huo hawakupewa miavuli ya kurukia, kwa hiyo watu walishuka pamoja na chombo chao popote kilipowapeleka. Wawili hao waliiharibu ndege yao isije ikawafaa maadui, kisha wakaanza kutafuta njia ya kurudi kwenye meli yao.

Ili kuelewa walivyokuwa, ni lazima kuitazama delta yenyewe. Rufiji hugawanyika kabla ya kufika baharini, ukawa mikondo mingi inayotokea kwenye milango kama Simba Uranga, Kikunja na Msala. Kati ya mikondo hiyo umetanda msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mwingine wowote katika pwani ya Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Ukingoni husimama mkoko wenyewe, mizizi yake ikiwa imejipinda juu ya tope kama vidole vya mkono ulioshika ardhi. Nyuma yake kuna mchu, msinzi, mkandaa na mkomafi. Mtu anayetembea humo hupanda juu ya mizizi, huteleza, huzama magotini katika tope jeusi, na baada ya hatua chache hukuta mkondo mwingine wa kuvuka. Mamba na viboko wamo. Maji ni ya chumvi au ya chumvichumvi, na mwenye kiu huyatazama tu yakipita.

Maelezo rasmi ya nishani aliyopewa Moon baadaye yanasimulia yaliyowapata. Kwa siku tatu walizunguka wakijaribu kukwepa kutekwa. Chakula kilikuwa kidogo sana au hakikuwapo kabisa. Kichaka cha ukingoni hakikupitika, hivyo mara kwa mara iliwabidi waogelee kutoka upande mmoja wa mkondo hadi mwingine. Asubuhi ya tarehe 7 waliunda chelezo kwa nguzo tatu. Siku hiyo nzima na ya tarehe 8 walipiga makasia na kuchukuliwa na maji. Asubuhi ya tarehe 9 chelezo kilichukuliwa hadi bahari ya wazi. Bridgeman, ambaye hakuwa hodari wa kuogelea, alifariki huko kwa uchovu na baridi ya maji, ingawa Moon alijitahidi sana kumwokoa. Jioni ikikaribia, Moon peke yake alifika ufukweni. Wajerumani wakamkamata.

Siku hizo tatu zinaeleweka vizuri zaidi zikisomwa pamoja na mwezi. Tarehe 8 Januari 1917 mwezi ulikuwa mpevu. Kwa hiyo siku ambazo watu hao walikuwa kwenye chelezo zilikuwa siku za bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo huenda kwa nguvu kuliko siku za maji mafu. Katika pwani ya Kilwa na Rufiji kila mvuvi anajua saa za bamvua: maji hujaa alfajiri, hupwa hadi kwenye saa nne au tano asubuhi, kisha huanza kujaa tena na kufikia kilele alasiri. Saa hizo zinalingana na masimulizi hatua kwa hatua. Asubuhi ya tarehe 9 maji yalikuwa yakitoka, na yalikichukua chelezo kupita mlango wa mto hadi baharini. Mchana yalianza kurudi, na mtu aliyekuwa bado na nguvu ya kuelea na kuogelea alisukumwa kuelekea nchi kavu. Moon alifika wakati maji yanakaribia kujaa.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya mgeni na mwenyeji. Mkata boriti au mvuvi wa delta aliyekwama humo angesubiri. Angefunga chombo chake kwenye mizizi wakati wa kupwa ili asichukuliwe, na angesafiri maji yanapoingia, akiyaacha yamchukue ndani kuelekea vijijini na mashamba ya mpunga. Angejua mkondo upi unapitika na upi unakauka ukawa tope. Moon na Bridgeman walitaka kufika baharini, kwa sababu meli yao ilikuwa baharini, nayo bahari ya bamvua iliwapa walichokitaka kwa namna iliyomuua mmoja wao. Ushujaa wao hauna shaka. Walichokosa ni elimu ya mahali, na elimu hiyo hailetwi na ndege. Waingereza wenyewe walikuwa wamelitambua hilo mwaka 1915. Kabla ya kuingiza Severn na Mersey walimtuma mwindaji Pieter Pretorius kupima kina cha mikondo, na yeye aliifanya kazi hiyo usiku kwa mitumbwi akisaidiwa na wenyeji.

Kwa nini basi watu hao wawili hawakusaidiwa na wanavijiji? Taarifa ya nishani haitaji wenyeji hata mmoja, lakini hali ya wakati ule inajulikana. Mwaka 1905 vita vya Maji Maji vilianzia katika milima hiyo hiyo ya Matumbi, na Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro, ukingoni mwa delta. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Waliokuwa vijana wakati huo walikuwa watu wazima mwaka 1917, na walijua malipo ya kuonekana umemsaidia adui wa serikali. Tena vita vipya vilikuwa vimekwisha kuwafikia. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua mpunga, mahindi, kuku na mbuzi. Bonde la Rufiji, lililokuwa ghala la pwani, liliingia katika dhiki ya chakula.

Katika miaka hiyo watu waliobobea katika kujificha porini walikuwa wenyeji. Kila upande ulihitaji wapagazi, kwa kuwa mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa mizigo na barabara hazikuwapo. Mpagazi alibeba unga, risasi, vipande vya mizinga, mafuta na majeruhi. Wengi walishikwa kwa nguvu, wengine wakafungwa kamba shingoni wasitoroke. Rekodi za Waingereza zenyewe zinataja vifo vya zaidi ya wapagazi 40,000 waliokuwa upande wao, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi. Wengi wa hao waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa. Ndiyo maana wanaume wa vijijini waliposikia kikosi kinakuja walikimbilia vichakani na mikokoni. Huko Matumbi, wenyeji husimulia jinsi mapango kama Nang'oma yalivyowaficha wazee wao tangu Maji Maji. Mtu aliyekaa siku tatu katika mikoko akikwepa kutekwa hakuwa jambo geni Rufiji. Kilichokuwa kigeni ni kwamba safari hiyo aliyejificha alikuwa afisa wa Kizungu, na kwa sababu hiyo siku zake ziliandikwa moja moja.

Moon alibaki mateka kwa zaidi ya miezi kumi. Mwaka huo vita vilihamia kusini, vikaigeuza bara ya Kilwa na Lindi kuwa uwanja wa mapigano: Narungombe mwezi Julai, kisha Mahiwa kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, mojawapo ya mapigano makali kuliko yote ya vita vya Afrika Mashariki. Novemba Lettow-Vorbeck alirudi nyuma hadi uwanda wa Makonde akiwa amepungukiwa dawa, chakula na risasi. Aliwaacha wagonjwa na majeruhi wengi, akachukua waliokuwa na nguvu, na tarehe 25 akavuka Ruvuma kuingia nchi iliyokuwa ya Wareno. Siku nne kabla ya hapo, tarehe 21 Novemba 1917, Moon alikuwa huru. Alitunukiwa nishani ya DSO kwa yale aliyoyafanya katika delta. Hakuishi muda mrefu baada ya vita. Aprili 1920 alikufa katika ajali ya ndege ya majini huko Felixstowe, Uingereza, na kaburi lake mjini Southampton limewekewa rafadha ya ndege.

Sinema imekwisha kuigusa Rufiji, ingawa haikukigusa kisa hiki. Mwaka 1968 mwandishi Wilbur Smith alitoa riwaya ya Shout at the Devil iliyoazima habari ya Königsberg, na mwaka 1976 ikatengenezwa filamu yenye jina hilo, ikiongozwa na Peter Hunt na kuigizwa na Lee Marvin na Roger Moore. Meli ilipewa jina jingine, Blücher, na picha zilipigwa Afrika Kusini na Malta. Kwa hiyo mto unaoonekana katika filamu hiyo si Rufiji, na watu wa delta wamebaki watu wa nyuma wanaopita mbele ya kamera wakiwa na mizigo kichwani. Kwa mtazamaji wa Kilwa au Lindi, hiyo ni filamu ya kwao isiyo na kwao.

Filamu ya kweli ya kisa cha mwaka 1917 ingedai mambo ambayo filamu za kawaida za rubani aliyeangushwa hazina. Ingekosa helikopta, maana wakati ule hakuna aliyeweza kuja kutoka angani kumchukua mtu. Ingekosa redio ya kuomba msaada. Saa yake ingekuwa maji, kujaa na kupwa, na mtazamaji angepaswa kuonyeshwa mwezi mpevu mapema ili aelewe hatari inayokuja. Adui angeonekana mara chache sana, kwa kuwa katika siku zote tatu wawili hao walipambana zaidi na tope, kiu na uchovu. Na ingelazimika kuwa na wahusika wa pili wenye uzito sawa na wa kwanza: mpagazi aliyetoroka msafara na kujificha katika mkondo jirani, mama anayelinda gunia lake la mwisho la mpunga dhidi ya majeshi mawili, mvuvi anayekiona chelezo kwa mbali na kupima moyoni kama atakifuata au ataacha. Wahusika hao wangebuniwa na mwandishi, lakini watu wa namna yao walikuwapo kwa maelfu.

Mahali pa kupigia picha za filamu hiyo papo, na mengi ndani yake hayajabadilika. Mikoko inakatwa boriti hadi leo, madau na mitumbwi inapita milango ile ile, na mabaki ya Königsberg, yaliyovunjwa kwa ajili ya chuma chakavu katika miaka ya 1960, yamezama ndani ya tope. Mzinga wake mmoja unaonekana katika ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus iliyozamishwa nayo. Bodi ya Filamu Tanzania ipo, tamasha la filamu la Zanzibar limekuwapo tangu mwaka 1998, na vijana wenye kamera wapo Lindi, Kilwa Masoko na Kibiti. Kazi ya kwanza ni kukusanya masimulizi ya familia za delta, Matumbi na bonde la Lukuledi kabla wajukuu wanaoyakumbuka hawajaondoka, na kuyaweka kando ya kumbukumbu za maafisa zilizohifadhiwa Ulaya. Siku tatu za Moon na Bridgeman zinajulikana kwa sababu ziliandikwa. Siku za wapagazi na wanavijiji waliojificha katika mikoko hiyo hiyo nazo zinastahili kuandikwa, na kuoneshwa.